MREJESHO: Vitelezi kwenye daftari la Jupyter vimekubali

Wakuu, niliomba msaada: wanafunzi wangu hapa Kigoma wabadilishe vipi a, b na c za mlinganyo wa kipeo cha pili (ax² + bx + c = 0) kwenye Jupyter, programu ya kuandikia na kuendesha kodi ya Python, bila kugusa kodi? Mdau aliyenielekeza kwenye ipywidgets, maktaba ya Python ya kuweka vitufe na vitelezi kwenye daftari, ubarikiwe sana.

Nimeandika fankisheni inayopokea a, b na c, inaziingiza kwenye mtajo wa SymPy (maktaba ya Python ya aljebra) na kuurudisha. Nikaikabidhi kwa interact, fankisheni ya ipywidgets, na vitelezi (vile vya kuburuta ili kubadilisha namba) vikajitokeza vyenyewe. Ukiandika a=(-5, 5) unapata namba kamili; ukiandika -5.0, kinakuja cha desimali. Mimi nimebaki na namba kamili, mtajo unasomeka vizuri zaidi.

Kilichonifurahisha ni grafu ya mtajo huo, inayobadilika kwa kufuata vitelezi. Tuliweka a = 1, b = 2, c = 1, mkunjo ukagusa mhimili wa x kwenye -1 tu. Binti mmoja akasogeza c hadi 2, mkunjo ukaachana na mhimili, naye akauliza vipeuo (thamani za x mkunjo unapokutana na mhimili) vimekwenda wapi. Hapo b² − 4ac ikafundishika (ikiwa hasi, mkunjo haugusi mhimili wa x), maana sasa ni -4 na wote wanaiona! Kisha a ikawekwa 0, ukabaki mstari ulionyooka.

Kompyuta zetu ni za zamani, grafu ilikuwa inakwama kwa kuchorwa upya kila kitelezi kikisogea. Tengeneza IntSlider (kitelezi cha namba kamili) mwenyewe, weka continuous_update=False; itachora ukishaachia tu.

Nikipata muda nahamia kwenye grafu za sin(bx).