Mrejesho: mapigo ya moyo yasiyopanda baada ya kuanza sotaloli

Ndugu zangu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini, tangu nianze kutumia sotaloli kwa ajili ya mapigo yasiyo na mpangilio, moyo wangu haukuwa ukivuka mapigo 88 kwa dakika hata nikipanda ngazi, huku miguu ikiwa mizito.

Nawashukuru nyote, hasa aliyeeleza kwamba dawa hii ina kazi mbili: huchelewesha umeme wa moyo kujipanga upya baada ya kila pigo, na pia huziba vipokezi vya beta ambavyo kupitia kwavyo adrenalini na neva za simpathetiki huuharakisha moyo, hivyo neva ya vagasi, ambayo ndiyo breki, hubaki na nguvu zaidi.

Nilifuata ushauri wa kutoiacha dawa ghafla, kwani vipokezi vilivyozoea kuzibwa huweza kuitikia adrenalini kupita kiasi. Niliandika mapigo yangu kila asubuhi na baada ya ngazi kwa wiki 3, kisha nikampelekea daktari daftari. Alipima umeme wa moyo, potasiamu na figo, maana sotaloli hutoka mwilini kupitia figo, akapunguza dozi. Sasa nafika 104 kwenye ngazi zilezile, na miguu imepata nafuu kubwa.

Kupumua polepole kulinituliza, lakini hakukuzuia mapigo kuvurugika: yamenirudia mara 2, zote usiku, wakati vagasi inapotawala zaidi, na daktari bado analifuatilia jambo hilo.