SAFARI YA TANGA 🚐 (Ukoo)

[19:42] Da Rehema: Assalaam alaykum. Jumamosi tunaondoka saa 11 alfajiri, si saa 11 na nusu. Hela ya mafuta bado watu wanne. Mnajijua.

[19:43] Da Rehema: Hamisi ndo dereva. Hamisi upo?

[19:58] Da Rehema: Hamisiiii

[20:21] Hamisi: Nipo dada. Vumbi la huku site limenitibua, chafya tangu asubuhi. Nikameza Piriton, usingizi ukanipitia.

[20:21] Baba Imu: Dereva wetu huyo 😂😂

[20:24] Zuhura: Msicheke. Kaka Hamisi, Piriton na usukani havikai pamoja. Hata ukiimeza usiku, asubuhi unaweza kuamka kichwa kizito.

[20:25] Hamisi: Sasa nipige chafya mpaka Segera?

[20:28] Zuhura: Vumbi likiingia puani mwili unamwaga histamini. Ikishika vipokezi vyake ndo pua inawasha, macho yanatoka machozi. Dawa haiiondoi, inawahi tu kukaa kwenye kipokezi, histamini ikifika inakuta pana mtu.

[20:28] Shemeji Juma: Kama kiti cha mbele cha Da Rehema 😂

[20:29] Zuhura: 🙄 Shida Piriton inapenya mpaka kwenye ubongo, na huko histamini ndiyo inayokuweka macho. Ulizia loratadini, miligramu 10 mara moja kwa siku, hiyo haipenyi sana. Setirizini nzuri pia ila kuna inaowalaza. Ijaribu kesho ukiwa nyumbani, usingoje ukiwa barabarani.

[20:30] Zuhura: Na mjomba asigaiwe Piriton yako. Ana tezi dume, mkojo utagoma.

[20:31] Da Rehema: Tumeelewa daktari. HELA YA MAFUTA

[20:34] Mama Imu: Zuhu, nimnunulie Imu Phenergan atulie njiani?

[20:35] Zuhura: Hapana wifi! Chini ya miaka 2 hapewi kabisa, inaweza kumbana pumzi. Na dawa ya mzio si ya kumlazia mtoto.

[20:36] Da Rehema: Yale yale ya Korogwe.

[20:36] Mama Imu: Ya Korogwe yapi? Mpishi alijua Salma hali kamba, akamwaga kamba kwenye pilau. Mtoto wa watu kavimba midomo, nikaambiwa mimi sikubeba dawa!

[20:37] Baba Imu: Mama Imu, acha.

[20:37] Mama Imu: Siachi.

[20:38] Shemeji Juma: Ila lile pilau lilikuwa tamu 🦐

[20:41] Zuhura: Hata angebeba, vidonge visingetosha. Vipele na kuwashwa, sawa. Midomo ikivimba na pumzi ikibana, hiyo ni sindano ya adrenalini na hospitali hapo hapo, mtu asikae kungoja kidonge kifanye kazi.

[20:42] Da Rehema: Ujumbe huu umefutwa

[21:05] Nuru: Bibi anasema niandike hivi: "Salma nilimpakata mimi siku ile. Mama Imu hana kosa, na asisemwe tena. Jumamosi kamba wasipikwe. Na gari asishike aliyemeza dawa ya kulaza. Barabara ile tumeshazika."

[21:33] Da Rehema: Shikamoo Bibi. Tumesikia.

[21:34] Mama Imu: Shikamoo Bibi 🙏

[22:10] Hamisi: Shikamoo Bibi. Basi Juma anishikie usukani mpaka Chalinze, nione hali.

[22:12] Baba Imu: Leseni ya Juma si iliisha?

[22:13] Shemeji Juma: Nani kasema

[22:13] Da Rehema: Juma, piga picha leseni utume hapa.

[22:47] Da Rehema: Juma

[05:51] Salma: Jamani ndo naamka. Kamba si wameshalipiwa? Nani anampigia mpishi?

[06:20] Da Rehema: Si mimi. Yule mpishi ni wa upande wa akina Juma.

[07:02] Kaka Idi: Wa alaykum salaam. Mafuta natuma namba ile ile?