Makundi mapya ya sokwe mtu: yazoeshwe watu au yaachwe?

Mada: Mtafiti Jane Goodall alifika Gombe, Kigoma, mwaka 1960, mwenzake Toshisada Nishida akaanza Mahale 1965. Sokwe wa huko wamezoea watu. Ila sokwe wengi wa Tanzania wanaishi nje ya hifadhi za taifa. Watafiti wazoeshe na hao?

Kakombe: Waachwe. Mafua yetu huwaua. Kule msitu wa Taï, Ivory Coast, virusi vya binadamu vilikutwa kwenye mizoga ya sokwe. Idadi mnaipata kwa viota: kila sokwe aliyeacha kunyonya hujenga kipya karibu kila jioni. Unapita mstari ulionyooka, unapima kiota kiko umbali gani toka mstarini, hesabu unaigawa kwa siku ambazo kiota hudumu. Msichukue tu siku za msitu mwingine, maana mvua na aina ya mti hubadili kila kitu.

Mtambaa Panya: Viota vinasema wako wangapi, havisemi wanakufa kwa nini. Gombe ndiko ilikobainika, 2009, kwamba sokwe wenye SIV (ndugu wa VVU) wana hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko wenzao wa rika lao. Hakuna aliyechomwa sindano, ni kinyesi na mkojo tu. Lakini lazima ujue kinyesi ni cha nani, na mama yake ni nani. Kwa sokwe anayekimbia akikuona utajuaje?

Virunga: Na ulinzi je? Kati ya 1967 na 2008 makundi ya magorila wa milimani yaliyozoeshwa yaliongezeka asilimia 4.1 kwa mwaka, yasiyozoeshwa yakapungua 0.7. Waliofuatwa kila siku, daktari aliwaondolea mitego ya nyaya.

Kakombe: Hao ni magorila, hutembea kundi zima pamoja. Sokwe mtu hutawanyika vikundi vidogo, leo watatu, kesho kumi. Kuwazoesha ni miaka, na mradi ukiishiwa fedha katikati umemwachia jangili mnyama asiyeogopa mtu.

Mtambaa Panya: Hapo nakubali. Basi asiyeweza kulipa wafuatiliaji wa vijijini miaka 20 asianze. Wanafunzi wa kigeni walipotekwa Gombe 1975, ni wafuatiliaji Watanzania walioendelea kuandika kumbukumbu. Barakoa, mita 10 kutoka kwa sokwe, mwenye kikohozi abaki kambini. Na ndizi za kuwavutia marufuku: Gombe waliziacha 2000, baada ya kuleta msongamano na ugomvi na nyani.

Kakombe: Nani atamzuia mtalii mwenye kikohozi aliyelipia safari?