Naomba ushauri: jiwe la Urartu lililopoteza jina la mfalme

Habari zenu wakuu. Nina picha za jiwe la basalti lenye maandishi ya ujenzi ya Urartu (ufalme wa kale wa eneo la Ziwa Van), limevunjika upande wa kushoto. Pa jina la mfalme pamebaki -ḫi-ni-še tu, kiishio kinachofuata jina la baba kumaanisha "mwana wa", kisha i-ni É.GAL ši-di-iš-tu-ni, yaani alijenga ngome hii. Nawafikiria wawili: ikitangulia -a- (mwisho wa jina Menua) ni Argišti mwana wa Menua, ikitangulia -ni- (mwisho wa jina Išpuini) ni Menua mwana wa Išpuini.

Nimejaribu mwanga wa pembeni kutoka kushoto na juu. Kabla ya -ḫi- inaonekana kabari (mchoro wa pembetatu unaounda herufi hizi) ya wima na mkwaruzo wa mlalo. Shida ni kwamba wachongaji wale mara nyingi waliikata kabari ya mlalo ilipokutana na ya wima, hivyo mkwaruzo mfupi hauniambii kitu.

Je, upana wa nafasi iliyobaki unatosha kuamua? Na mwanga wa chini kulia utafaa, au nikachukue chapa ya karatasi yenye maji, yaani kubandika karatasi iliyoloweshwa juu ya jiwe ili ishike umbo la maandishi?