Mnaoleta risechi steshenari mkisema "rekebisha kidogo tu, dada": Word haina pepo, pepo mnalileta wenyewe

Wakuu, salamu baadaye. Adhana ya alfajiri imeshapita, nimekaa kwenye kiti hiki tangu jana jioni, na nisipoyatoa haya nitamtukana mteja wa kwanza atakayesukuma mlango.

Nina steshenari karibu na chuo kimoja, sitakitaja. Wiki hii ni ya kukusanya risechi, hali mnaijua. Jana saa kumi na moja jioni kaja kijana na flashi. "Dada, samahani, ni kurekebisha kidogo tu. Namba za kurasa zinagoma, halafu kuna ukurasa mtupu hauondoki. Dakika kumi." Kurasa 94. Akaniwekea elfu tano mezani kabla sijachomeka flashi, nami nikaipokea. Hilo kosa langu, msinikumbushe.

Kitu cha kwanza ninachofanya nikifungua faili la mtu ni kubonyeza Ctrl, Shift na 8 kwa pamoja. Hapo yaliyofichwa yote yanatoka: kila spesi inakuwa kinukta, kila Tab mshale, kila Enter ile alama kama P iliyogeuziwa mgongo. Basi jalada la huyu bwana likajaa vinukta kama sisimizi waliovamia sukari. Kulipeleka jina lake katikati kabonyeza spesi mara 37. Nimehesabu, nilikuwa na hasira. Kitufe cha kuweka maandishi katikati kipo pale juu, hakilipiwi. Kutoka jalada kwenda ukurasa wa pili, Enter 22. Supavaiza alipomwambia aongeze "Manispaa ya" kwenye mada, mada ikaongezeka mstari, jina la chuo likadondokea ukurasa wa tamko, tamko likasukuma shukrani, na msafara ukaendelea hivyo hivyo mpaka viambatisho. Eti Word inasumbua.

Namba za kirumi za kurasa za mwanzo alizichapa kwa mkono, ndani ya maandishi, chini ya kila ukurasa. Mnaelewa ninachosema? Hakuziingiza mahali pake, kaandika tu "iv" kama neno. Ule msafara ulipopita, "iv" yake ikahamia katikati ya shukrani, kati ya Mwenyezi Mungu na wazazi wake.

Yaliyomo ndiyo usiseme. Nukta kwa nukta, kidole kimoja, kutoka "Utangulizi" hadi namba ya ukurasa, na namba hazijapangana. Anauliza kwa nini hazipangani wakati nukta ziko sawa. Shangazi yangu alikuwa mpiga taipu wa serikalini, na yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii. Kwenye mashine yake herufi zote zilikuwa na upana mmoja, "i" na "m" zinachukua nafasi sawa, kwa hiyo ukihesabu spesi vizuri safu zinanyooka. Times New Roman haiko hivyo. "i" ni kisindano, "m" ni kabati. Ukipanga safu kwa spesi, kila mstari utaishia pake. Sasa kijana amezaliwa mashine za taipu zimeshafungiwa stoo, hii tabia kairithi kwa nani?

Dawa ya yaliyomo ni staili za vichwa, yaani ile mitindo iliyopangwa tayari ndani ya Word, Heading 1, Heading 2 na kuendelea. Kichwa cha sura unakipa staili ya kwanza, kijichwa staili ya pili, kisha Word inakutengenezea orodha yenyewe, na namba zikihama unabofya ndani ya orodha na kubonyeza F9 tu. Huyu vichwa vyake vyote ni maandishi ya kawaida aliyoyakoleza na kuyakuza. Kwa macho ni kichwa, kwa Word ni aya kama aya nyingine. Nikaanza kuvipa staili kimoja kimoja, na mbu wa saa mbili usiku nao wakaanza yao.

Halafu hili la namba. Chuo kinataka kirumi hadi mwisho wa kurasa za awali, kisha 1 ianze Sura ya Kwanza. Haliwezekani mpaka ukate seksheni, yaani ugawe faili vipande, kila kipande na mipangilio yake. Si kukata ukurasa, kukata SEKSHENI, ni vitu viwili tofauti. Na ukishakata, seksheni mpya bado inashikana na ya nyuma, maana Word huiunganisha hivyo tangu mwanzo. Ingia chini ya ukurasa wa Sura ya Kwanza, zima kile kitufe cha "Link to Previous", ndipo uweke namba ianze na 1. Na ukizima cha chini ya ukurasa, cha juu ya ukurasa bado kinashikana, kizime na chenyewe. Watu wanakesha wakibadilisha namba za Sura ya Kwanza huku za kirumi zinafutika, wanabadilisha za kirumi, Sura ya Kwanza inaharibika. Wengine wanaishia kugawa risechi mafaili mawili. Mmoja aliwahi kuniletea manne.

Sasa sikilizeni kilichonitoa machozi. Nimemaliza hayo, kaja mama anataka kopi za vyeti, nikanyanyuka. Kijana akasogea kwenye kiti changu "anisaidie". Risechi yake ina jedwali pana, lile moja nililaza ukurasa wake, na kabla yake kuna mstari wa vinukta unaoonyesha seksheni imekatwa. Yeye akaona uchafu. Akaufuta. Narudi, Sura ya Kwanza hadi ya Tatu zimelala ubavu. Kurasa 41. "Dada, Word imechanganyikiwa."

Haikuchanganyikiwa. Ule mstari ndio unaobeba mipangilio ya kurasa zilizo KABLA yake: pambizo, ukubwa wa karatasi, kusimama au kulala. Ukiufuta, kurasa za kabla zinarithi mipangilio ya zinazofuata. Zinazofuata zililala, na hizo zikalala. Ctrl na Z, ile ya kurudisha ulichoharibu, ikaokoa jahazi, nikamhamishia kijana benchi la nje.

Ule ukurasa mtupu? Risechi iliishia na jedwali. Word lazima iwe na aya baada ya jedwali, ukifuta vipi haifutiki, na jedwali likijaa hadi chini ya ukurasa ile aya tupu inaangukia ukurasa mpya. Unaichagua, unaipa fonti ya ukubwa wa 1, unaondoa nafasi yake ya juu na chini. Kwisha. Sekunde 20, baada ya yeye kuhangaika nayo, kwa maneno yake, siku tatu.

Na zile nafasi kati ya aya mnazozisugua kwa Backspace hazitoki: si Enter hizo. Tangu Word ya 2013, faili jipya linaachia kila aya pointi 8 chini yake. Ipo kwenye mipangilio ya aya, nenda kaiweke sifuri. Mtu haoni, anaongeza Enter zake mbili juu yake, kisha anauliza mbona risechi yake ina mashimo.

Kuna sehemu nami niliteleza, niseme ukweli. Sura ya Pili yote ilikuwa viraka vya kupesti kutoka mitandaoni na kwenye PDF: fonti tano, rangi ya kijivu huku, buluu kule, mistari inakatika katikati ya sentensi. Saa tisa usiku nikachagua faili zima, Ctrl na spesi kufuta mapambo ya herufi, Ctrl na Q kurudisha aya kwenye staili yake. Likawa safi kama kanzu ya Idi. Nafika kwenye marejeo, herufi za mlazo za majina ya vitabu zimeondoka zote, maana Ctrl na spesi haichagui, inafuta rangi, inafuta mlazo, inafuta kukoleza. Nikarudi nyuma, nikaanza upya sura kwa sura, marejeo nikayaacha. Wewe unayepesti, pesti maandishi matupu tangu mwanzo, chaguo lipo unapobonyeza kitufe cha kulia cha mausi. Hutaniumiza mimi wala mgongo wangu.

Kuanzia Jumatatu bei ni hii: faili lenye staili, elfu tano. Faili lenye sisimizi, nahesabu kwa ukurasa. Na atakayesema "dakika kumi" anakaa hapa na mimi mpaka iishe, benchi la nje lina nafasi.

Nilipofika hapa kuandika simu ikaita. Ni yeye. "Dada, nimefungua kwenye simu, mbona kurasa zimekuwa 97 na yaliyomo yamehama?" Mdogo wangu, simu yako haina Times New Roman, imeweka fonti yake, na mistari imekatika pengine.

Nimemtumia PDF, yenyewe haihami. Ujumbe una tiki mbili za buluu, hajajibu, na flashi yake bado iko hapa mezani.