Mjadala: Kuuza kila kitu ukaishi kwenye mashua visiwani, hayo ndo maisha rahisi?

Wakuu, huku Msasani vijana wamekuja na hoja yao: kodi ya miezi sita kwa mkupuo, foleni, luku, bora mtu auze vitu vyake anunue mashua ya tanga azunguke visiwa, avue mwenyewe na alale anapotaka. Mimi napinga, karibuni mnibishie.

Kwanza hiyo ya kulala unapotaka ifuteni. Visiwa vya hapa karibu na Dar, Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, ni maeneo tengefu ya bahari, unaingia kwa kulipa na kuvua humo ni kosa. Utasema basi nateremka Mafia, sawa, lakini kule nako upande mkubwa wa bahari ni hifadhi tangu 1995. Afu safari yenyewe ni ya kwenda kusini, kusi ikishakaza mwezi wa sita wa saba upepo unakupiga usoni, unapiga bisha, yaani kwenda kwa kukata pembe huku na huku, mchana kutwa na ukigeuka nyuma bado unaiona Dar.

Mashua nayo watu wanaipenda ikiwa na tanga limejaa, wanapiga picha. Njooni Kunduchi maji yakitoka, imelazwa kwenye mchanga, fundi kachuchumaa chini yake anagongea pamba kwenye nyufa, ubao kwa ubao, taratibu, akimaliza apake mafuta, na baada ya muda mbao zinaachia kazi inaanza upya. Mkiwa baharini lazima mmoja akae na kidumu kilichokatwa anafua maji, hiyo ndo kazi yake mpaka mfike.

Mtoto wa Kigamboni: Mzee unatutisha bure. Mbona yule Mfaransa Moitessier mwaka 1969 aliacha mashindano ya kuzunguka dunia, pesa ya ushindi akaipa mgongo akaendelea zake mpaka Tahiti? Tatizo letu tumezoea feni.

Mdogo wangu, huyo namjua, na boti yake Joshua ilikuwa ya chuma, sio mninga wa kuziba na pamba. Mwaka 1982 dhoruba moja ikaitupa ufukweni Meksiko, usiku mmoja nyumba na chombo vyote vimekwenda. Wewe wa Kigamboni paa likiezuliwa unalala kwa shemeji, kule utalala kwa nani?

Mama Dagaa Feri: Kaka mimi nakuunga mkono ila umesahau wenyeji. Jibondo, kile kisiwa kidogo cha Mafia, watu wanaishi na mashua toka enzi za mababu, wanaziunda wenyewe, mbona hawalalamiki?

Dada yangu hapo umenisaidia. Jibondo kwa miaka mingi maji baridi yalikuwa shida, walikuwa wanakinga ya mvua na mengine yanaletwa kwa chombo toka kisiwa kikubwa. Wao wana ndugu, wana fundi jirani, wanajua kila mwamba, na bado nenda kamuulize mvuvi yeyote pale kama anataka mwanae arithi tanga au asome apate kazi. Kijana wa Msasani anakwenda na pawabenki.

Mwenye hela ya pensheni toka Ulaya afanye, akichoka anapanda ndege. Wikiendi kwenda na kurudi pia sina neno. Ila anayesema kuhamia kabisa atueleze maji ya kunywa atayapata wapi, na kwa shilingi ngapi, ndo tuendelee.