Kaka anakuja Marekani kuona kaburi la Eddie Van Halen, na kaburi halipo. Nifanyeje?

MbebaBoksi_LA:
Wakuu, habari za muda huu. Wengine mtaona ni upuuzi, lakini mwenzenu silali.

Kaka yangu mkubwa, fundi redio pale Tanga, ana miaka 63 na amepata viza. Anafika kwangu Los Angeles mwezi wa tisa. Nilimuuliza kwenye simu, "Kaka, ukifika unataka kuona nini?" Nikajua atasema Disneyland na wajukuu. Akanijibu, "Nipeleke kaburini kwa Eddie." Yaani Eddie Van Halen, yule mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Van Halen. Nikasema sawa kaka. Kosa langu ndilo hilo.

Niwape historia. Mwaka 1984 binamu yetu baharia alishuka bandarini na kaseti ya Van Halen. Kaka tayari alikuwa anaijua solo ya "Beat It" ya Michael Jackson kwa mdomo, noti kwa noti. Siku alipoambiwa kuwa aliyeipiga si mtu wa Michael bali ni huyu wa kwenye kaseti, tena aliipiga bure, kaseti ikageuka mali yake. Mkanda ukikatika anakata selotepu kwa wembe anaunga. Baadaye akaja kusoma kwamba Eddie aliunganisha gitaa lake mwenyewe kwa bodi na shingo za bei poa, akalipaka rangi ya baiskeli, akachemsha nta kwenye kopo la kahawa na kuchovya humo zile sumaku za kunasa sauti ili zisipige miluzi. Hapo kaka akasema huyu si mwanamuziki, huyu ni fundi mwenzangu.

Mwaka 2007 David Lee Roth, mwimbaji wao wa kwanza, na kina Van Halen waliporudiana, baada ya miaka 22, nilikuwa na mwaka mmoja tu hapa nabeba boksi. Nikanunua tiketi ya Staples Center, kule juu kabisa karibu na dari. Eddie alitoka kifua wazi, anakimbia kama kijana. Ilipofika solo yake nikachukua kasimu kangu ka kukunja na kadi ya simu ya dola tano, nikampigia kaka. Kule ilikuwa asubuhi, ndiyo kwanza anafungua karakana. Sikusema hata salamu, niliinua simu juu. Dakika sita hivi, halafu yule mama wa kwenye kadi akasema salio limekwisha. Nina hakika alichosikia ni mvumo tu, kama mashine ya kusaga. Lakini mpaka leo kaka anawaambia watu, "Mimi nilimsikia Eddie mubashara."

Eddie alipofariki, tarehe 6 Oktoba 2020, kaka alifunga karakana siku mbili. Watu wakimuuliza nani kafa, anasema rafiki. Jirani akamletea rambirambi elfu tano. Akaipokea.

Sasa tatizo: Eddie alichomwa. Majivu alikabidhiwa mwanawe, Wolfgang. Kaka hajui. Jamaa mmoja kazini kanishauri nimpeleke makaburi ya Hollywood Forever, kuna sanamu ya Johnny Ramone, mpiga gitaa wa bendi ya Ramones, ameshika gitaa, eti mtu wa mbali hatajua. Naombeni ushauri kabla sijafanya ujinga.

Bint_Chumbageni:
Pole, ila nimecheka kwenye rambirambi mpaka chai imenimwagikia.

Usithubutu hilo la sanamu. Fundi redio miaka arobaini akose kulitambua gitaa? Lile la Eddie ni jekundu lenye michirizi myeupe na myeusi, hata mimi nisiyejua muziki nalijua. Atakutazama tu, hatasema kitu, na ataondoka nalo moyoni hadi Tanga.

Halafu unamwogopea nini? Kaka yako kakulia pwani na Wahindu. Maiti kuchomwa si habari ngeni kwake. Mwambie sasa hivi kwenye simu, asije akasafiri saa zote hizo na nia ya kaburi.

KiparaWaSolo:
Nakazia. Na habari za wakati ule zilisema aliomba majivu yake yamwagwe baharini Malibu. Basi kaburi ni bahari.

Ila mimi ningeanzia Pasadena. Kina Van Halen walitoka Uholanzi mwaka 1962, Eddie ana miaka saba, wakaja kukaa pale, mtaa wa Las Lunas. Ni nyumba ya kawaida tu, na kuna watu wanaishi humo, kwa hiyo piteni, tazameni, msigonge mlango. Karibu na hapo, barabara ya Allen, kuna duka la vileo, na kwenye saruji ya njia ya waenda kwa miguu jina VAN HALEN limechorwa tangu enzi za utoto wao. Alipofariki watu waliweka maua pale pale chini. Kama kaka anataka mahali pa kuinama na kuweka ua, ni hapo.

Msiende kwenye ile studio yake, 5150. Ni nyumbani kwa watu, hamtaona kitu zaidi ya geti.

Mzee wa Kwasakwasa:
Mtu mzima wa Tanga, mji wa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, anafunga duka kumlilia mzungu! Makubwa haya.

Bint_Chumbageni:
Mzee, Mbaraka Mwinshehe alipokufa kwa ajali Mombasa mwaka 1979, ulimlilia kwa sababu mlizaliwa mtaa mmoja?

Mzee wa Kwasakwasa:
Hapo umenishika. Nilikuwa Morogoro. Nilitembea toka kazini hadi nyumbani bila kujua nimepita wapi. Endeleeni na uzi wenu.

SammyDamu:
Naomba niseme ukweli ambao hamtaupenda. Ile ya 2007 haikuwa kurudiana kamili. Michael Anthony, mpiga besi wao wa siku zote, aliachwa nje, besi akapewa Wolfgang, mtoto wa miaka 16. Zile sauti zake za juu za kuitikia ndizo zilikuwa nusu ya bendi! Sisi tuliopenda enzi za Sammy Hagar, mwimbaji aliyemrithi Roth, tulipata ziara ya 2004, Michael yupo, na hakuna anayeitaja.

KiparaWaSolo:
Mkuu, 2004 Eddie alikuwa hoi na pombe, hata waliokuwapo hawapendi kuikumbuka. Kuhusu Michael nakubaliana na wewe. Ila mwangalie yule baba kwenye video za 2007 anavyogeuka kila mara kumtazama mwanawe. Alipiga na ndugu yake nyuma kwenye ngoma na mtoto pembeni. Mimi hilo naliweka juu ya besi yoyote.

ZamuYaUsiku:
Nimesoma uzi huu nikiwa kazini. Ngoja niwape langu, sijawahi kulisema.

Tarehe 4 Oktoba 2015, Jumapili, nilikuwa Hollywood Bowl, ule uwanja wa wazi wa muziki hapa Los Angeles, Van Halen wanapiga. Nilikuwa na zamu saa tano usiku, kulea wazee. Eddie alipiga solo yake, watu elfu na elfu kimya, na mimi natazama saa. Nikatoka kabla ya "Jump", wimbo wao wa kufungia, ili nisinaswe kwenye foleni ya magari. Nilikuwa nashuka kilima naisikia kwa nyuma, kile kinanda cha mwanzo, nikajisemea nitawaona ziara ijayo.

Haikuwapo ziara ijayo. Ule ndio ulikuwa mwisho wa bendi, na hakuna aliyetuambia. Miaka mitano na siku mbili baadaye Eddie amefariki, saratani, miaka 65. Na kazini usiku ule nilifika mapema dakika ishirini. Nilikaa kwenye gari bila kufanya kitu.

MbebaBoksi, mpeleke kaka pale. Siku isiyo na mazoezi mchana pako wazi, ni bustani ya umma, hulipi. Mkae kwenye mabenchi ya mbao kule juu. Na kama hutojali, mkiwa pale nami nije. Nina deni la wimbo mmoja.

SammyDamu:
Kwa hili nimenyamaza. Pole mkuu.

MbebaBoksi_LA:
ZamuYaUsiku, njoo inboksi tupange. Usijali hata kidogo.

Wakuu, nimempigia kaka leo. Nilianza kuzunguka, mara hali ya hewa, mara bei ya nauli, akanikatisha: "Dogo, sema." Nikasema yote: kaka, hakuna kaburi, alichomwa, na nasikia ni baharini.

Akakaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Halafu akauliza bahari gani. Nikamwambia Pasifiki. Akasema, "Sawa. Bahari naijua."

Nikamweleza na habari za Pasadena, jina kwenye saruji. Hapo sauti ikabadilika kabisa, akawa fundi. Anataka kujua mchoro una kina gani, na kama waliandika kwa kidole, kijiti au msumari, maana anasema saruji ikianza kushika kidole hakipiti. Sikuwa na jibu. Kisha akaagiza nisimnunulie maua ya dukani, anakuja na kitu chake. Shemeji yenu kanidokeza ni nini: ile kaseti. Ameitoa kwenye kasha anaikaza upya, ameshaunga sehemu nne.

KiparaWaSolo, wewe umeiona ile saruji kwa macho? Ni kidole au msumari? Anapiga tena Jumapili.

KiparaWaSolo:
Nimeipiga picha, ipo kwenye simu ya zamani. Nipe mpaka kesho nitafute chaja yake.